Jinsi ya Kutambua Ukurasa Halisi wa Kewpie wa Rose O'Neill, Kujua Mwaka Wake na Kuutunza

Mtu anayezunguka katika maduka ya vitu vya kale nchini Marekani, hasa katika jimbo la Missouri ninakoishi, hakawii kukutana na picha ya kitoto kinene kilicho uchi, chenye kishungi kimoja cha nywele utosini, macho yanayotazama pembeni kama ya mtu aliyeficha jambo, na mabawa mawili ya buluu yaliyo madogo mno kiasi kwamba hayangeweza kumwinua hata shomoro. Huyo ni Kewpie. Wengi humjua kama mwanasesere, na wapo wanaomjua kutokana na mayonezi ya Kijapani iliyoanza kuuzwa kwa jina hilo mwaka 1925, lakini alizaliwa katika kurasa za majarida ya akina mama, mikononi mwa mchoraji aliyekuwa akichora picha zake na kuzitungia mashairi mwenyewe.

Mwongozo huu unahusu kurasa hizo za majarida, wala si wanasesere, ambao ni elimu nyingine kabisa. Umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyeshika karatasi mkononi na anayetaka kujua kama kweli ilitoka katika jarida la zamani, ni ya mwaka gani, na afanye nini ili isimharibikie. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: ukurasa wa Kewpie hujulikana zaidi kwa mgongo wake kuliko kwa uso wake. Uso hunakiliwa kila siku. Mgongo hakuna anayejisumbua kuunakili.

Vitu vya kuwa navyo

Tafuta lenzi ya kukuza mara kumi, rula yenye sentimita, penseli laini, na taa ndogo ya zambarau kama ile ambayo wenye maduka hutumia kukagulia noti bandia. Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe vizuri kabisa. Glavu za kitambaa, ambazo watu huzipenda kwa sababu zinaonekana za kitaalamu, hazifai kwa karatasi iliyokakamaa, kwa kuwa vidole hupoteza hisia na kona huvunjika kabla hujatambua kwamba umeigusa.

Hatua ya kwanza: Iweke kichwani miaka ya mchoraji

Huwezi kukadiria mwaka wa ukurasa kama hujui mchoraji alikuwa wapi mwaka huo. Rose O'Neill alizaliwa tarehe 25 Juni 1874 mjini Wilkes-Barre, Pennsylvania, akakulia Nebraska, na akiwa bado msichana mdogo alishinda shindano la uchoraji la watoto lililoandaliwa na gazeti moja la Omaha. Mwaka 1893 alikwenda New York kutafuta soko la michoro yake, akafikia kwa masista, nao wakawa wakimsindikiza alipokwenda kuwaonyesha wahariri kazi zake. Tarehe 19 Septemba 1896 jarida la Truth lilichapisha katuni yake ya picha zilizofuatana, ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya aina hiyo kuchapishwa na mwanamke wa Marekani. Mwaka uliofuata alijiunga na Puck, jarida la vichekesho ambalo wachoraji wake wengine wote walikuwa wanaume.

Kewpie walikuja baadaye sana. Waliingia katika toleo la Desemba 1909 la Ladies' Home Journal, jarida lililokuwa likitolewa Philadelphia chini ya mhariri Edward Bok, ambaye alikuwa amevutiwa na vijitoto vyenye mabawa alivyoviona katika michoro ya O'Neill na akataka viwe na mfululizo wao wenyewe. Ukurasa huo wa kwanza ulikuwa wa Krismasi na uliitwa "The Kewpies' Christmas Frolic". Jina Kewpie limetokana na Cupid, yule mungu wa mapenzi wa Warumi, isipokuwa kwamba O'Neill aliwapa kazi tofauti: Cupid huwatia watu katika matatizo, na Kewpie huja kuwatoa.

Baada ya hapo mfululizo ulihama. Kuanzia mwaka 1910 Kewpie walikuwa katika Woman's Home Companion, kuanzia 1914 wakaonekana Good Housekeeping na kubaki huko katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, na katika miaka ya 1920 wakarudi Ladies' Home Journal. Ukurasa wowote unaotajwa na muuzaji kuwa "wa Kewpie, mwaka 1905" umejikanusha wenyewe kabla hujautoa katika fremu.

Hatua ya pili: Watazame wahusika mmoja mmoja

Kosa la kawaida ni kumwita kila mtoto mwenye mashavu ya mviringo Kewpie. Katika majarida ya wakati huo alikuwepo mchoraji mwingine mwanamke aliyependwa sana, Grace Drayton wa Philadelphia, ambaye mwaka 1904 alibuni watoto wa matangazo ya supu ya Campbell, na kuanzia 1913 alimchora Dolly Dingle katika jarida la Pictorial Review. Watoto wa Drayton ni binadamu wa kawaida: wamevaa nguo, wana nywele za kutosha, na macho yao makubwa ya duara yamekaa mbalimbali. Kewpie hana nguo, ana kishungi na mabawa, na nyusi zake ni vijinukta tu. Ukiona saini ya Wiederseim, usidhani umepata mchoraji wa tatu. Ni Drayton huyohuyo kwa jina la mume wake wa kwanza, na kwa kawaida kazi yenye jina hilo ni ya kabla ya mwaka 1911 walipoachana.

Wakishathibitika kuwa ni Kewpie, wasome kwa vazi. O'Neill hakuchora kundi la mapacha wasiotofautiana, bali aliwapa baadhi yao vyeo na tabia ambazo msomaji wa kila mwezi alizizoea kama anavyozoea majirani. Mkuu wao ni Wag, anayejulikana kwa kibendera chenye herufi K kilichochomekwa kwenye kishungi chake. Yupo mpishi, yupo seremala mwenye zana zake, yupo mwanajeshi mwenye kofia na bunduki, na yupo mmoja anayejali sana sauti yake, ambaye huzungusha skafu shingoni. Ninayempenda mimi ni yule ambaye kila siku huvaa viatu vya mpira vya kuzuia tope, basi. Hana suruali, hana shati, ila miguu yake haitalowa. Anayetaka kuuelewa ucheshi wa O'Neill amtazame huyo kwa dakika mbili.

Wahusika hawa husaidia pia kukadiria mwaka. Dottie Darling na kaka yake, ambao ni watoto wa kibinadamu, ni wa miaka ya mwanzo. Scootles, kitoto kinachosafiri kwenda kuwatembelea Kewpie katika mji wao, ni wa miaka ya 1920. Kwa hiyo ukurasa wenye Scootles hauwezi kuwa wa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza hata kama aliyeuweka kwenye fremu ameandika hivyo kwa wino mzuri.

Tenganisha pia hadithi na tangazo. O'Neill alichora matangazo ya Jell-O kwa miaka mingi, na katika baadhi yake Kewpie wamebeba bakuli la jeli inayotikisika. Hizo ni kazi zake halali na zina wapenzi wake, lakini si sehemu ya mfululizo, na bei yake haipaswi kulingana na ya ukurasa wa hadithi. Vivyo hivyo kuna kurasa za rangi za wanasesere wa karatasi wa kukata, walioitwa Kewpie Kutouts, zilizoanza katika Woman's Home Companion mwaka 1912. Upekee wake ni kwamba mwanasesere alichorwa mbele na nyuma, ili mtoto akimaliza kukata na kubandika apate kiumbe chenye pande mbili. Kurasa hizo zikiwa nzima ni adimu kwa sababu iliyo dhahiri: zilitengenezwa ili zikatwe, na watoto walitii.

Hatua ya tatu: Isome saini

Saini ya O'Neill imebadilika kufuatana na ndoa zake, jambo ambalo ni usumbufu kwa wasifu na msaada mkubwa kwa mwenye lenzi. Mwaka 1896 aliolewa na Gray Latham, na katika kipindi hicho michoro mingi ilitiwa saini ya "O'Neill Latham". Waliachana mwaka 1901. Mwaka 1902 aliolewa na Harry Leon Wilson, mhariri katika Puck, lakini safari hii hakulichukua jina la mume katika saini, akawa anaandika "O'Neill" peke yake. Ndoa hiyo nayo ilikwisha mwaka 1907. Hesabu basi mwenyewe: Latham aliondoka 1901 na Kewpie wakaja 1909, hivyo ukurasa wa Kewpie wenye jina la Latham ni wa kutiliwa shaka mara moja. Mchoro wa Puck wenye jina hilo, kwa upande mwingine, uko mahali pake.

Tazama pia saini imekaa wapi. Katika kazi halali ni sehemu ya mchoro, kwa wino uleule na mistari yenye unene uleule, mara nyingi ikiwa imejibanza chini ya majani au pembeni mwa mguu wa mtu. Saini iliyoandikwa kwa kalamu juu ya karatasi iliyokwisha kuchapwa ni habari tofauti. Huenda mtu aliiongeza baadaye ili bei ipande, na mimi huichukulia kama uchafu hadi mwenye kuuza athibitishe.

Hatua ya nne: Geuza ukurasa

Hii ndiyo hatua inayorukwa, kwa kuwa kurasa nyingi huuzwa zikiwa ndani ya fremu zenye ubao nyuma, na muuzaji hapendi kufungua. Omba afungue. Akikataa, nunua fremu kwa bei ya fremu.

Nilipopata ukurasa wangu wa kwanza nilikuwa sijui haya. Niliununua kwa sababu ya uso wake: Kewpie watano walikuwa wakimnyanyua paka aliyekasirika. Ulikaa ukutani miaka miwili, na siku nilipoamua kubadilisha fremu ndipo nilipoona upande wa pili. Nusu ya juu ilikuwa mwendelezo wa hadithi niliyokuwa sina mwanzo wala mwisho wake, ikianza katikati ya sentensi. Nusu ya chini ilikuwa na matangazo matatu, mojawapo likiwahimiza akina mama kupunguza ngano mezani ili ipelekwe kwa wanajeshi ng'ambo. Kibandiko cha muuzaji kilisema "1912". Marekani iliingia vitani Aprili 1917, na idara yake ya chakula iliyoendesha kampeni hizo iliundwa mwaka huohuo. Mgongo ulikuwa umesema kweli kwa miaka miwili yote hiyo ukiwa umelazwa kifudifudi kwenye kipande cha boksi.

Ukigeuza, anza kwa kichwa cha ukurasa, pale juu kabisa au chini kabisa, ambapo majarida mengi yaliandika jina lake, mwezi na namba ya ukurasa. Mara nyingi mkasi wa mpamba fremu umepita hapo upande wa mbele, lakini ukaacha herufi chache upande wa nyuma. Hata vipande vya herufi vinafaa: sehemu ya "Companion" haiwezi kuwa "Housekeeping".

Kisha soma matangazo kama unavyosoma barua. Bei husaidia kidogo, kwa sababu sabuni ya senti 10 iliuzwa kwa senti 10 muda mrefu. Matukio husaidia zaidi: wito wa kununua hati za mkopo wa vita unakupeleka 1917 hadi 1919, hoja za kuwapatia wanawake kura zinaelekea kuwa za kabla ya Agosti 1920, mwezi ambao marekebisho ya 19 ya katiba ya Marekani yalikamilika. O'Neill mwenyewe alikuwa mtetezi wa haki hiyo, na karibu mwaka 1915 aliwatumia Kewpie katika mabango na kadi za kuwadai wanaume wawape mama zao kura, kwa hiyo usishangae kuwakuta wakiandamana.

Anwani za makampuni zina siri yake. Mwaka 1943 posta ya Marekani ilianza kuweka namba za kanda baada ya majina ya miji mikubwa, kwa mfano New York 17, na mwaka 1963 ikaleta namba za tarakimu 5 zinazotumika hadi leo. Ukurasa unaodaiwa kuwa wa 1910 ukiwa na anwani ya tarakimu 5 mgongoni ni ukurasa wa kitabu au jarida la baadaye lililochapisha upya michoro ya zamani. Na mgongo mtupu kabisa, mweupe bila hata herufi, usikubalike kirahisi. Majarida hayo yaliishi kwa matangazo na hayakuwa na desturi ya kuacha upande mzima wa karatasi bila kitu.

Hatua ya tano: Kagua karatasi na wino

Weka lenzi juu ya sehemu yenye kivuli, kama vile shavu au tumbo la Kewpie. Katika chapa ya wakati ule utaona nukta zilizopangwa kwa mistari iliyonyooka, kubwa mahali penye giza na ndogo mahali penye mwanga. Mistari ya kalamu na herufi za shairi zitaonekana nyeusi zenye kingo zilizosukumwa kidogo na shinikizo la chuma, na ukipitisha ncha ya kidole kwa wepesi upande wa pili wakati mwingine utahisi mikwaruzo ya herufi. Mashine ya kisasa ya wino wa kunyunyiza huacha vitone vilivyotawanyika bila mpangilio. Ikiwa mtu alipiga picha ukurasa wa zamani na kuuchapisha upya kiwandani, utaona nukta juu ya nukta, na mawimbi yasiyo na sababu katika sehemu za kijivu.

Zima taa ya chumba uwashe ile ya kukagulia noti. Kuanzia miaka ya 1950 viwanda vya karatasi vilizoea kuchanganya dawa za kung'arisha weupe, ambazo huwaka rangi ya samawati chini ya mwanga huo. Karatasi ya 1909 hubaki imefifia, yenye manjano au kijivu. Ikiwaka kama shati jeupe kwenye ukumbi wa disko, rudisha. Kipimo hiki kina upande mmoja tu, hata hivyo: kuwaka kunathibitisha upya wa karatasi, ilhali kutowaka hakuthibitishi ukale, kwa sababu zipo karatasi za kisasa zisizotiwa dawa hiyo.

Umanjano nao una tabia. Karatasi iliyozeeka ndani ya jarida lililofungwa hugeuka rangi kuanzia kingoni, mahali hewa ilipopenya, na katikati hubaki nyepesi. Karatasi iliyozeeshwa kwa makusudi kwa chai huwa na rangi ileile kila mahali, pamoja na alama za maji yaliyotuama, na wengine husahau kwamba chai ina harufu.

Hatua ya sita: Linganisha na jarida zima

Baada ya kupata dhana ya jarida na mwaka, tafuta toleo lenyewe. Maktaba za mtandaoni za HathiTrust na Internet Archive zina majuzuu ya Ladies' Home Journal na majarida mengine ya enzi hiyo yaliyoskaniwa, na Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka michoro mingi ya Puck mtandaoni. Kwa hiyo hata msomaji aliyeko Morogoro au Kisumu, ambaye hatashika karatasi halisi, anaweza kuwafuatilia Kewpie mwezi baada ya mwezi kwa simu yake.

Kuna mtego mmoja unaowachelewesha wengi. Juzuu la Ladies' Home Journal lilianza Desemba na kuishia Novemba, si Januari hadi Desemba. Toleo la Desemba 1909 lilikuwa ndilo la kufungua juzuu la 27, na maktaba zilipolifunga kwa jalada gumu ziliandika 1910 kwenye mgongo wa jalada, au 1909-1910. Mtu anayefungua juzuu la 1909 akitafuta Kewpie wa kwanza atapekua Januari hadi Novemba na kuondoka mikono mitupu. Jambo jingine ni kwamba nyingi ya skani hizo zilitengenezwa kwa haraka, picha zikageuzwa nyeusi tupu na nyeupe tupu, hivyo zitumie kulinganisha mpangilio, maneno na namba za ukurasa, na usizitumie kuhukumu rangi.

Pima pia. Majarida ya akina mama ya wakati huo yalikuwa makubwa kuliko tuliyozoea leo. Ukurasa wa Ladies' Home Journal ulikuwa na urefu wa karibu sentimita 40. Kama wako una sentimita 25 na shairi limekamilika bila kukatwa, basi umepunguzwa na mashine.

Na hapa niseme jambo kuhusu mkasi. O'Neill aliupanga ukurasa mzima kama kitu kimoja: beti za shairi zimekaa ndani ya mapengo ya picha, Kewpie mmoja anaegemea herufi kubwa ya mwanzo, mwingine amening'inia kwenye mstari wa fremu na kumwagia maji aliye chini ya ubeti wa tatu. Anayemkata Kewpie mmoja na kumbandika kwenye kadi amepata kipicha na ameua mzaha, kwa kuwa aliyemwagiwa maji amebaki upande wa pili wa mkasi. Usinunue vipande, na ukirithi jarida zima, usiling'oe kurasa hata kama wauzaji watakuambia kwamba kurasa moja moja hulipa zaidi. Kwa bahati mbaya kuhusu fedha wanasema kweli.

Hatua ya saba: Tunza

Adui wa kwanza wa karatasi hizi yumo ndani yake, kwa kuwa karatasi nafuu ya mbao ina asidi inayoila polepole hadi ikatike kama papadi. Huwezi kuiondoa nyumbani, lakini unaweza kuacha kuichochea. Toa boksi la kahawia lililo nyuma ya fremu, kwa kuwa lina asidi kuliko ukurasa wenyewe, na uweke ubao usio na asidi. Ingiza ukurasa katika mfuko angavu wa poliesta au polipropilini, si ule wa plastiki laini yenye harufu kama ya pazia jipya la bafu, kwani plastiki ya aina hiyo hutoa mvuke unaolainisha wino na kuunatisha. Ulaze bila kuukunja, ndani ya sanduku, mbali na dirisha na mbali na ukuta wa nje.

Selotepu ya zamani iache ilivyo. Niliwahi kujaribu kuibandua kwa ukucha, nikiamini kwamba imekauka kiasi cha kutoka yenyewe, na ilitoka kweli, ikiwa na kona nzima ya ukurasa pamoja na herufi tatu za mwisho za jina la mchoraji. Tangu siku hiyo nina ukurasa wa "O'Ne". Mwenye kazi ya thamani ampelekee mtaalamu wa kuhifadhi karatasi; asiye na uwezo huo avumilie doa. Usiweke lamineti, usitumie gundi, na usitoboe tundu la faili.

Unyevu unahitaji uangalifu zaidi kwa anayeishi pwani. Ukungu huota kwa urahisi unyevu wa hewa unapopita asilimia 65, kiwango ambacho Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam hukipita sehemu kubwa ya mwaka. Weka vipakiti vya kunyonya unyevu ndani ya sanduku na uvibadilishe au uvikaushe, fungua sanduku kila mwezi, na usiliweke sakafuni wala chini ya kitanda, ambako mende na mchwa wana njia zao. Ukinunua jarida lenye dalili za wadudu, lifunge katika mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha hewa, uligandishe kwenye friza kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa muda wa wiki moja, kisha uliache lirudi kwenye joto la kawaida kwa saa 24 kabla ya kufungua mfuko, ili umande usitue kwenye karatasi. Fremu ukutani inafaa kwa nakala uliyoskani. Ukurasa wenyewe ukae gizani.

Hatua ya nane: Andika kumbukumbu, na ujue unachoruhusiwa

Nchini Marekani kazi hizi huingia katika mali ya umma miaka 95 baada ya mwaka zilipochapishwa, hivyo kurasa za Kewpie za 1909 na za miaka ya 1910 na 1920 zimekwisha kuwa huru. Katika nchi zinazohesabu miaka 50 au 70 tangu kifo cha mtunzi nako muda umepita, kwani O'Neill alifariki tarehe 6 Aprili 1944 mjini Springfield, Missouri. Unaweza kuskani ukurasa, kuuchapisha tena, kutafsiri shairi lake kwa Kiswahili na hata kuwachora Kewpie katika hadithi yako. Neno Kewpie kama nembo ya bidhaa ni suala jingine, kwa sababu alama za biashara haziishi kwa umri wa mtunzi, na mwenye nia ya kuuza kitu kwa jina hilo amwone mwanasheria kwanza.

Wapo wanaotaka kuona michoro halisi, ile iliyotoka kwenye kalamu kabla haijafika kiwandani. Nyumba ya familia ya O'Neill, Bonniebrook, iliyokuwa katika vilima vya Ozark kusini mwa Missouri karibu na Branson, iliungua mwaka 1947, lakini ilijengwa upya mahali palepale na sasa ni makumbusho. Nenda na picha ya ukurasa wako kwenye simu. Michoro ya asili huwa mikubwa kuliko chapa, na ukiisogelea utaona mahali alipopaka rangi nyeupe kusahihisha mguu au kupunguza tumbo, masahihisho ambayo chapa haikuyaonyesha.

Kumbukumbu yenyewe iwe fupi. Kwenye kadi isiyo na asidi, ambayo utaiweka ndani ya sanduku na si ndani ya mfuko, andika kwa penseli jina la jarida, mwezi na mwaka, namba ya juzuu na ya ukurasa, vipimo kwa sentimita, ulikoupata na tarehe uliyoupata. Ongeza ulichokiona mgongoni, kwa maneno yako, na useme wazi ni kipi ulichokisoma kwenye karatasi na kipi ulichokikisia. Kadi ya ukurasa wangu wa paka ina mistari saba, na wa mwisho unasema: "Kibandiko cha muuzaji, 1912, kimetolewa, tazama tangazo la ngano, nyuma, chini kushoto."